Siku Nilipompa Mjomba wa Chepkirui Jina la Bwana Kivuli

Mnisamehe nikianza kwa kucheka, maana nikianza na aibu yenyewe hatutafika mwisho. Mungu amenijalia umri mrefu, amenijalia meno kadhaa, na kwa miaka mingi amenijalia kusimama mbele ya watu kanisani bila kupotea katikati ya maneno, na kama kuna kitu nilikuwa najivunia (Bwana anirehemu, nilikuwa najivunia sana) ni kwamba ukimpa Mzee Koros kipaza sauti unaweza kwenda kunywa chai ukijua mambo yako yako salama. Siku hizi hakuna anayenipa. Kwenye harambee napewa kiti cha mbele na soda ya kwanza, lakini kipaza sauti kinapita mbali nami kama mtu anayezunguka mbwa aliyelala. Yote hayo yalinipata kwa siku moja, kwa sababu ya vitabu vya katuni, na nimeamua kuwasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Konoin, ambao kila wakisimulia wanaongeza.

Mambo yalianza na katoni. Wajukuu wangu wa Nakuru walikuja likizo ya Aprili, wakala, wakacheza, wakarudi shuleni, na chini ya kitanda wakaacha katoni imejaa vitabu vya katuni, vile vya watu wanaoruka angani na kuinua malori kwa kidole. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri kama kawaida ya Kabianga, sikuwa na la kufanya, nikavuta kimoja nione watoto wetu wanalishwa nini. Nia yangu ilikuwa njema: nilitaka kukemea. Nilikaa na miwani na kalamu, tayari kupiga mstari chini ya kila neno baya, na nilipoinua kichwa ng'ombe walikuwa wanalia kwa kuchelewa kukamuliwa, chai yangu imeshika ngozi juu, na kalamu sijui ilikuwa imeangukia wapi.

Jamani, vile vitabu ni vitamu! Kulikuwa na kijana anaitwa Mwana wa Kimondo, aliyeachwa peke yake duniani akiwa mchanga na kulelewa na mchunga mbuzi, kumbe mikononi mwake kuna moto wa kuokoa mji mzima. Kulikuwa na Mama Ngao, mwanamke mnene kama shangazi zangu, ambaye risasi zikimpiga zinageuka maji. Kulikuwa na Profesa Taa, kipofu anayeona kesho. Na kulikuwa na Bwana Kivuli, ambaye yeye huketi karibu na mlango, hacheki, hali, na wewe msomaji unataka kupiga kelele kuwaonya wenzake, angalieni huyo, angalieni huyo! (Nilipiga kelele kweli. Mama Chebet, mke wangu, alikuja mbio kutoka jikoni akidhani ni nyoka.)

Mjukuu wangu mkubwa, Chelangat, anasoma fasihi chuoni, na Jumamosi moja alinikuta katikati ya vita vya angani. Nilidhani atanicheka. Badala yake alikaa chini.

"Kugo," akaniambia (hivyo ndivyo wanavyoniita, maana yake babu), "hao masupahiro si watu wapya. Ni watu wa zamani wamevalishwa nguo za kubana."

"Watu wa zamani gani?"

"Wahusika wa asili. Tangu watu waanze kukaa karibu na moto na kusimuliana hadithi, wanaokuja ni wale wale. Yatima anayekuja kuwa mkombozi. Mlezi. Mjuzi. Mjanja. Mtawala. Msaliti. Mvue tu hilo joho, utamjua ni nani."

Siwezi kuwaeleza furaha niliyoipata. Nimesoma Maandiko tangu nikiwa kijana wa kuchunga, na hadithi za bibi yangu nazikumbuka zote, na sasa ghafla nikaona ni kweli, ni wale wale! Yatima yuko kila mahali. Mjanja yuko kila mahali. Nilimshukuru Mungu kwa sauti kwamba ameniweka hai mpaka nikaona jambo hilo, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuvua watu majoho. Nikienda kuuza maziwa, yule mpokezi namwona ni Mtawala. Ng'ombe wetu Chemirei ni Mwasi kabisa, ukimkamua anapindua ndoo. Mchungaji wetu nilimweka kwa Wajuzi, lakini siku aliyohubiri mpaka chakula kikapoa nikamhamisha.

"Na mimi ni nani?" Mama Chebet akaniuliza.

"Wewe ni Mlezi, Mama Chebet. Kama Mama Ngao."

"Mlezi. Na ni nani anaamua kila kitu katika hii nyumba?"

"Basi wewe ni Mtawala."

"Sasa umesema. Leta kuni."

Kama ningebaki na michezo hiyo nyumbani, leo hamngekuwa mnanisikiliza. Lakini wakati huo huo tulikuwa na jambo kubwa. Kiprotich, mtoto wa marehemu ndugu yangu, ambaye nimemlea tangu hajui kufunga kifungo na ambaye ananiita Baba, alikuwa amempata binti mwalimu anaitwa Chepkirui, kule Konoin, na tulikuwa tunangoja kuitwa kwao kwa koito, ile siku ambayo familia mbili huketi pamoja, zikajuana, zikakubaliana kama binti anatolewa. Wakwe walikuwa wameahirisha mara mbili. Hatukuelezwa sababu, tuliambiwa tu kwamba kuna mtu wao anayengojwa, na kijana wangu alikuwa amekonda kwa hofu, anarudi kutoka kazini kiwandani, anasukuma ugali pembeni, anauliza, "Baba, wamesema kitu?" Ndiyo sababu walipotuita hatimaye niliruka kama mtoto. Na msemaji wa upande wetu, bila shaka, nilikuwa mimi.

Asubuhi ya safari Mama Chebet alikuwa ananifunga tai, na kwa kuwa ananijua alinivuta karibu kidogo kuliko tai inavyohitaji.

"Baba Chebet, utambulisho ni majina. Huyu ni nani, ametoka wapi, amekaa. Si mahubiri."

"Nitatia chumvi kidogo tu, watu wachangamke."

"Wakwe hawatiwi chumvi."

Nikasema sawa. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua, na uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kabisa: kila mtu wa upande wetu nitamtambulisha kwa mhusika wake. Kidogo tu. Sekunde mbili mbili.

Tulipokelewa vizuri sana. Nyumba iko juu ya kilima, chai inashuka kutoka mlangoni mpaka chini bondeni, na ndani makochi yamevalishwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono. Tukapewa mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, baridi kutoka kwenye kibuyu, tukaomba, na msemaji wao, mzee mwembamba mwenye sauti ya upole anayeitwa Arap Bii, akasimama akasema, "Karibuni, wageni wetu. Nyinyi mjitambulishe, mkimaliza na sisi tutajitambulisha." Utaratibu ndio huo, na hata mtoto wa kwetu anaujua: kila nyumba huwataja watu wake. Wa nyumba nyingine huwataji. Unajua nini juu yao?

Nikasimama. Nikaanza na Kiprotich. Nikawaambia kwamba katika vitabu vya siku hizi kuna shujaa aitwaye Mwana wa Kimondo, na kwamba kijana huyu pia alianguka nyumbani kwangu akiwa mdogo, baba yake na mama yake wametwaliwa, na sisi tukadhani tunamtunza yeye, kumbe yeye ndiye aliyekuja kuleta moto katika nyumba yetu iliyokuwa baridi. Wanawake wa upande wa pili wakasema "Amina." Mmoja akafuta jicho. Nikapata nguvu. Dada yangu Rael nikamtaja kuwa Mama Ngao, wakacheka wakimtazama ukubwa wake, na yeye mwenyewe akacheka mpaka kochi likalia. Shemeji yangu aliyetuendeshea gari nikasema ni Mjanja, maana tangu azaliwe trafiki hawajawahi kumshika, ingawa wamejaribu. Kicheko! Bibi ya Chepkirui, kogo mmoja mzee sana aliyekaa katikati na fimbo yake, akagonga sakafu.

"Endelea," akasema. "Huyu anajua kusema. Endelea!"

Ndugu zangu, heri nisingeambiwa neno hilo. Watu wangu nilikuwa nimewamaliza. Kiti changu kilikuwa pale nyuma yangu, na Mama Chebet alikuwa ameshika mwisho wa koti langu, anavuta taratibu. Ningekaa. Lakini nilikuwa nimewaka, mnajua ile hali ya kuona watu wote wanakutazama macho yaking'aa, na nikasikia sauti yangu ikisema:

"Na nyinyi wakwe zetu, msijisumbue kujitambulisha, maana hata nyinyi nawaona!"

Arap Bii akainua mkono. "Mzee, upande huu tuna watu ambao..."

"Ngoja kidogo, ngoja kidogo!"

Nikamtaja kogo kuwa Profesa Taa, aonaye kesho, akafurahi. Nikamtaja baba ya Chepkirui kuwa Mtawala, mwenye kilima na bonde, naye akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha macho yangu yakafika mlangoni. Pale, kwenye stuli, wakati makochi ya upande wao yana nafasi, alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, kofia imewekwa magotini, kikombe cha mursik hajakigusa. Alikuwa hajacheka hata mara moja. Nikamwona, na badala ya kuona mtu nikaona picha. Nilikuwa nimemsoma mara nne!

"Na hadithi haiwezi kukamilika," nikasema kwa sauti kubwa, nikimnyooshea fimbo yangu, "bila Bwana Kivuli! Yule anayeketi mlangoni, hacheki, hali, anangoja tu. Msaliti! Bwana, tumekuona!"

Nikacheka. Ikanichukua muda kugundua kwamba nacheka peke yangu.

Mama ya Chepkirui alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili. Baba yake alikuwa anatazama viatu vyake. Yule mtu mlangoni akaweka kikombe chini polepole, bila kumwaga, akavaa kofia.

"Asanteni kwa kunikaribisha," akasema, na akatoka.

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka. Chepkirui hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe, lakini alitoka, amevaa nguo yake nzuri ya samawati, na macho yake yalikuwa yananitafuta mimi.

"Ni nani amemwambia mjomba hilo neno?"

Jibu halikuhitajika, fimbo yangu ilikuwa bado hewani.

Arap Bii ndiye aliyeniketisha na kunieleza, kwa upole wake ule ule ambao uliniumiza kuliko matusi. Yule ni kaka ya mama yake Chepkirui. Ndiye aliyekuwa akingojwa. Miaka kadhaa nyuma baba ya Chepkirui alikosana na jirani juu ya mpaka wa shamba la chai, wakaitwa kwa chifu, na mjomba akaulizwa alichojua, akasema. Alichosema kilimpa jirani mistari kadhaa ya chai. Tangu siku hiyo nyumba hii ilimpa jina moja, Msaliti, na ndilo hilo nililolitamka. Hakuwa amekanyaga hapa tena, mpaka Chepkirui alipokwenda kwake mara tatu kumwomba.

"Na unajua kwetu sisi," Arap Bii akamaliza, "mjomba asiposema ndiyo, binti hatoki. Mnaweza kumaliza chai yenu, wageni. Lakini leo hapa hakuna maneno."

Kiprotich hakunitazama. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenitazama kwa hasira ningevumilia, lakini alikuwa anakunja kitambaa cha mkono wa kochi, anakikunjua, anakikunja, kama alivyokuwa akifanya na blanketi usiku ule alipoletwa kwangu. Kisha akasimama.

"Baba, wacha nimfuate mimi."

"Hapana," nikasema. "Mdomo ulikuwa wangu."

"Baba Chebet, kaa chini!" mke wangu akasema. "Umeona hiyo mvua?"

Ilikuwa mvua ya mawe. Nyinyi wa huku mnaijua, ile inayokuja alasiri kama lori la kokoto linalomwagwa juu ya bati. Rael alinitupia leso yake nyekundu nijifunike kichwa, nikaifunga shingoni, nikatoka. Kutoka uani niliiona ile kofia ikishuka upande wa chini, tayari iko mbali, na barabara inazunguka kilima chote kabla ya kufika bondeni. Nikaona njia ya wachumaji ikishuka moja kwa moja katikati ya chai. Nikaomba. Sala fupi. Nikaingia.

Sasa, mimi ni mkulima wa chai, najua ile njia inapitaje, lakini kuijua ukiwa umevaa gamboti na umebeba kikapu ni jambo moja, na kuishuka kwa viatu vya ngozi vya kwenda koito ni jambo jingine. Hatua za kwanza nilitembea. Zilizofuata nilitembea haraka. Baada ya hapo sikuwa mimi tena ninayeamua. Kilima kilikuwa kinanichukua, mikono nimeinyoosha mbele nisije nikatumbukia kwenye majani, leso nyekundu imejaa upepo nyuma yangu inapiga pa! pa! pa!, na mawe yananigonga kichwani, na mimi naita "Mjomba! Mjomba!" kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nikiwa kijana.

Chini bondeni kuna kituo cha kununulia majani, banda la bati lenye mizani, na kwa kuwa lori la kiwanda lilikuwa limechelewa na mvua imewashika, wakulima wote wa sehemu ile walikuwa wamesongamana pale ndani na magunia yao, hawana la kutazama isipokuwa kilima. Wakanitazama mimi.

"Yaye!" nikasikia mwanamke akisema. Huyo ni Mama Moraa, mama mmoja wa asili ya Kisii aliyekaa huku miaka mingi, na baadaye tumekuwa marafiki. "Hicho ni nini kinaruka?"

"Ni supahiro!" kijana mmoja akajibu. "Cheki joho! Cheki joho!"

"Mzee wa suti na joho?"

"Huyo anakuja kuokoa mtu!"

"Mzee, breki! Breki, mzee!"

Breki hazikuwepo. Mbele ya banda kuna mtaro wa kupitisha maji ya barabarani. Niliuona, nikafikiri nitauruka, na kwa kipande kidogo cha muda, ndugu zangu, niliamini kabisa. Nilitua katikati yake kwa tumbo. Maji yaliruka yakafika kwenye mizani.

Nilipotoka pale nilitoka kwa magoti, maana miguu ilikataa, na nilipoinua uso uliojaa matope, wa kwanza kumwona alikuwa yeye, amesimama pembeni mwa umati, kofia inadondosha maji. Simu zilikuwa zimeinuliwa. Nikaamua potelea mbali, aibu imeshajaa, haiwezi kuongezeka.

"Mjomba," nikasema hapo hapo kwenye magoti, "nimekukosea mbele ya watu wako. Nisamehe."

"Unanijua?" akaniuliza.

"Sikujui."

"Hunijui. Lakini ulisimama ukanitaja."

"Nilikuona umekaa mlangoni, sura imekaza, nikadhani nimekusoma mahali."

Mawe yalikuwa yameanza kupungua juu ya bati. Akavua kofia akaikung'uta.

"Mlangoni ndipo waliponiwekea kiti," akasema. "Mimi niliulizwa jiwe la mpaka lilikuwa wapi. Nikasema mahali lilikuwa. Nimeishi na jina hilo, mzee. Leo nilikuja kwa sababu mtoto aliniomba, na nilikuwa nimekaa pale najiambia, pengine leo limesahaulika. Halafu mgeni ambaye sijawahi kumwona anasimama na kulitaja. Nikajua basi limefika hata Kabianga."

Nilitaka ardhi inimeze, lakini ilikuwa imeshajaribu mara moja na kunitema.

"Halikufika Kabianga," nikamwambia. "Naapa mbele za Mungu, hakuna aliyeniambia. Nililitoa kwenye kitabu cha katuni."

"Katuni?"

Ikabidi nieleze. Hapo, nimepiga magoti, joho jekundu limenata mgongoni, mbele ya wakulima wa kituo kizima, nikaeleza habari za Mwana wa Kimondo na Mama Ngao na wahusika wa asili, na jinsi kila mmoja ukimvua joho unamjua ni nani, na jinsi nilivyopagawa na jambo hilo mpaka nikaanza kuwavua watu wasio na majoho. Mama Moraa aliuliza yeye angekuwa nani, akaambiwa anyamaze. Mjomba alisikiliza yote bila kubadilisha uso.

"Na huyo Bwana Kivuli," akauliza mwishoni, "mwisho wake huwa nini? Alimsaliti nani?"

Nikapekua kurasa zote kichwani.

"Sijui," nikasema. "Sijafika mwisho."

"Hujafika mwisho?"

"Kitabu cha mwisho wajukuu walirudi nacho Nakuru."

Alinitazama. Kitu kikatikisika kwenye shavu lake, kikashuka kidevuni, kikaingia mabegani, na kabla sijaelewa yule mtu asiyecheka alikuwa ameshika nguzo ya banda kwa mikono miwili, anacheka mpaka kofia ikaanguka, na umati wote nao, hata karani wa mizani. "Hajafika mwisho!" akawa anarudia. "Amenihukumu, na kitabu chenyewe hajakimaliza!" Mimi nilikuwa nalia, ingawa kwa yale maji yote hakuna aliyejua.

Akaniinua. Akasema, "Twende, utakufa na baridi, wanisingizie na hilo."

Tulipoingia tena kule juu nyumba nzima ilisimama. Mama Chebet alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akafumba macho, nadhani aliomba. Mjomba hakurudi kwenye stuli. Alisimama katikati ya chumba, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimepoteza haki ya kusema, Arap Bii akampa nafasi yeye. Nikajua sasa zamu yangu ya kutambulishwa imefika, na nikainamisha kichwa nipokee.

"Huyu mzee," mjomba akasema, "mimi simjui. Nimekutana naye leo. Ameniita msaliti mbele ya watu wangu, kisha akanifuata kwenye mvua ya mawe, akaanguka kwenye mtaro, na akaniomba msamaha mbele ya watu wengi zaidi. Kwa hivyo mnipe muda nimjue, ndipo niwaambie ni nani."

Hakuna aliyecheka. Baba ya Chepkirui, ambaye tangu tufike alikuwa hajamtazama shemeji yake usoni, alikohoa, akasogea kwenye kochi lake, akapiga kitambaa cheupe kwa kiganja mara mbili.

"Shemeji," akasema, "mlangoni kuna baridi. Keti huku."

Mjomba alikaa. Kogo akagonga fimbo, akaagiza kikombe kipya, na safari hii alikunywa. Chepkirui alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, machozi yanamtiririka, na Kiprotich upande wetu alikuwa ameacha kukunja kitambaa. Maneno ya koito yalianza upya, na jua lilipokaribia kuzama mjomba aliulizwa, kama desturi inavyotaka, kama binti wa dada yake anaweza kutoka. Akachukua muda wake. Akanitazama mimi niliyekaa pembeni nimefungwa blanketi, soksi zinaanikwa jikoni. "Atoke," akasema. "Hawa watu angalau wanajua kufuata mtu." Nikamshukuru Mungu kimya kimya, na nadhani ndiyo sala ya kwanza fupi na ya kimya niliyowahi kusali mbele ya wakwe.

Ile video ya kilimani ilifika Kabianga kabla yetu. Kwetu hata leo nikipita na maziwa watu wananiuliza leo naokoa nani, na huwa napunga mkono, nifanyeje. Nimeweka nadhiri, nanyi ni mashahidi: katika siku ambazo Bwana amenibakizia sitamtambulisha binadamu mwingine yeyote. Mtu akija kwangu ataje jina lake mwenyewe, aseme anachotaka kusema juu yake, nami nitamwamini mpaka nimjue. Vitabu bado nasoma, siwadanganyi, na cha mwisho wajukuu wameahidi kukileta Agosti, na kila nikikumbuka moyo unanidunda. Lakini nasomea ndani, mlango umefungwa. Harusi ya Kiprotich ilikuwa nzuri kupita maelezo. Nilipewa sala ya chakula, na Mama Chebet aliniambia niisali nikiwa nimefumba macho tangu mwanzo hadi mwisho, nisije nikamwona mtu.